Barafu ya Kijani

Ndugu zangu, kulikuwa na fundi mmoja katika kiwanda cha maziwa, huko milimani. Alitunza mashine ya kupozea maziwa. Ndani ya mabomba yake huzunguka maji yaliyochanganywa na dawa, nusu kwa nusu, ili baridi ikishuka chini ya sifuri yasigande. Dawa yenyewe ni ya kijani. Siku ya kwanza fundi aliichanganya kwa mkono wake, akaipima, akaridhika.

Sasa, pampu ilikuwa ikivuja kidogo. Kila Ijumaa tangi la mchanganyiko huo linapungua. Dawa iko stoo, ng'ambo ya uwanja, na ufunguo anao mtu mwingine. Bomba la maji lipo hapa hapa. Basi fundi anaongeza jagi moja la maji. Moja tu, jamani. Kwani nyumbani wageni wakizidi hatuongezi maji kwenye mchuzi?

Mama meneja akipita huuliza, "Fundi, dawa ipo?"

"Ipo, mama. Tazama mwenyewe, kijani."

Na kweli ilikuwa kijani.

Ikaja masika, nyasi tele, maziwa yakafurika. Ili yapoe yote, fundi akashusha baridi chini ya sifuri. Haikupita saa, akasikia chuma kinapasuka. Maji yalikuwa yameganda ndani na kupasua mabomba. Maziwa ya vijiji vinne yakaanza kuchacha, na akina mama bado wamepanga foleni getini na ndoo zao, mkewe akiwemo. Fundi alishindwa kuwatazama.

Mama meneja akachota maji ya tangini kwa kikombe, akakiweka kwenye friza ya kantini. Jioni akamwita fundi, akakipindua mezani. Likatoka jiwe la barafu, na bado kijani.

"Dawa iliisha lini, fundi?"

Fundi akaitafuta siku hiyo kichwani, Ijumaa kwa Ijumaa, asiione. Kila alipokumbuka, ilikuwa jagi moja tu. "Sijui, mama," akasema, akakaa sakafuni, akalia, mtu mzima.

Mnamhukumu? Sisi je? Tulipobatizwa tulichanganywa vizuri. Kisha tukaanza kuvuja. Sala ya asubuhi tukaifupisha. Jirani anaumwa, tukamtumia salamu badala ya kwenda. Tangi limejaa bado: kwaya ipo, suti ipo, haleluya ipo. Ukituuliza tunakwambia tazama mwenyewe, kijani.

Nasema kwa uchungu. Juma lililopita niliketi kando ya kitanda cha mzee mmoja anayekufa. Akanishika mkono, akasema, "Mchungaji, niombee, naogopa." Nikaomba. Maneno yote yalitoka, kwa mpangilio wake, hadi amina. Yule mzee akanitazama usoni, kisha akauachia mkono wangu taratibu, akageukia ukutani.

Na mimi, ndugu zangu, sijui iliisha lini.