Kibaba cha Furaha

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ule mvua ilipotudharau, Kiboko alikuwa na ghala la mtama, na alikuwa bahili kupindukia. Alilala mlangoni mwa ghala, amenuna, hana hata wa kumsalimia.

Akaja Nguchiro, mdogo, mwepesi, mwongo tangu utotoni.

"Hodi, Mjomba! Mbona uso umekunjamana?"

"Sina raha, mpwa wangu. Tumbo limejaa, moyo mtupu."

"Lo! Dawa yake naijua. Furaha haichumwi mtini, Mjomba, ni mazoezi. Kila asubuhi mpe mwenye njaa kibaba cha mtama, hata kama mkono unauma."

"Mwenye njaa nitampata wapi?"

"Mjomba! Si huyu hapa mbele yako?"

Kiboko akapima kibaba, akampa. "Uwii! Mkono unaniuma!"

"Vumilia, dawa inaingia," akasema Nguchiro, akatimua mbio hadi kwake, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Haba na haba, ghala la Nguchiro likajaa. Lakini yule mjinga Kiboko, mkono wake ukaacha kuuma! Akaanza kumpa Kanga, akampa na Kobe. Majirani wakawa wanakuja kuongea naye, kwa kwa kwa, vicheko tupu. Akawa analala fofofo.

Siku moja mama yake Nguchiro akaja, amekonda, anajikokota.

"Mwanangu, tangu juzi sijala. Una chochote?"

Nguchiro alimpenda mama yake, msidhani hakumpenda. Alitaka kusema, "Ingia, mama, ule." Lakini ulimi wake ulizoea njia moja tu.

"Sina, mama. Hata punje."

"Na hilo ghala?"

"Majani makavu tu, mama."

Alijisikia akisema, akashangaa. Akanyoosha mkono amshike mama. Mkono ukafunga mlango, pa!

Mama akajikokota hadi kwa Kiboko.

"Karibu, dada, kaa," akasema Kiboko. Akampimia kibaba, kisha kingine, wala mkono haukumuuma.

Nguchiro aliwasikia wakicheka. Alikaa juu ya mtama wake, akala, ukawa mchungu. Mimi simwonei huruma. Mama yake ndiye ninayemlilia, maana hakurudi tena kubisha mlango ule.

Wanangu, ulifanyalo kila siku ndilo litakalokufanya wewe.