Korongo na Mafunzo ya Mguu Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelala? Wakubwa nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana kabla ya kulana, kando ya kinamasi aliishi Korongo. Korongo huyu alikuwa na penzi moja. Si chakula, si mume. Alipenda kujinyoosha. Jua likichomoza, yeye yuko majini. Mguu mmoja chini, mguu mmoja juu. Shingo nyooo. Anavuta pumzi, fuuu. Anaishusha, hooo. Nyinyi wa mjini mnaiita yoga. Yeye hakuipa jina.

"Jirani," Ngiri alimuuliza, "huo mguu wa pili umeuweka rehani?"

Korongo akazidi kuinyoosha shingo. Alikuwa anavuta pumzi.

Siku moja akaja Nyati, anachechemea, kiuno kimekaza kama gogo.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo huu utanizika. Kulala siwezi, kuinama ninywe maji siwezi. Wewe kila siku unajikunja na kujikunjua. Huumwi?"

"Siumwi."

"Basi nifundishe."

Korongo akamfundisha. Inua kichwa, polepole. Shusha kichwa, polepole. Fuuu. Hooo. Asubuhi ikafuata asubuhi, kiuno kikalegea. Nyati akainama, akanywa maji mpaka tumbo likalia bwaku bwaku. Kisha akashukuru kwa njia yake: akakanyagakanyaga majani, panzi wakaruka, Korongo akala akashiba.

Korongo akawaza: kumbe ninachokipenda kinaweza kunilisha.

Akafagia kiwanja kwa mabawa yake. Akatangaza: mwenye viungo vilivyokaza na aje. Wakaja. Ngiri naye akaja, shingo imemkaza kwa kuchimba, macho yake chini kwa haya. Kila mmoja akalipa kwa alichonacho. Ngiri alifukua minyoo. Kobe alileta konokono, na kila akileta aliomba radhi kwa kuchelewa.

Lakini sifa, wenzangu, ni pombe. Korongo akalewa. Wanafunzi walipozidi, akaacha kuwatazama mmoja mmoja. Akapanda juu ya kichuguu, akawaambia, "Wote kama mimi. Mguu mmoja chini, shingo mawinguni."

Nyati akajaribu, puu. Ngiri akajaribu, pu. Wakacheka, wakaenda nyumbani na michubuko. Korongo mwenyewe hakujinyoosha tena. Angejinyoosha saa ngapi? Alikuwa anatafuta mahali pa kufungua kiwanja cha pili.

Kobe hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "miguu yangu ni mifupi. Na gamba hili halikunjiki."

"Huna bidii tu, kaka Kobe. Bidii haijali gamba."

Neno hilo likamwingia Kobe. Wenzake walipoondoka, yeye akabaki. Akaegemea jiwe. Akainua mguu huu, akainua na ule. Akasimama wima kidogo, akafurahi kidogo. Kisha bilingi, kwaa. Chali. Miguu inapiga hewa, na jua la mchana linawaka. Kobe aliyelala chali juani haishi sana.

Korongo aliporudi alimkuta hivyo, mdomo umekauka. Akamsukuma kwa mdomo wake mrefu, ukateleza. Akamvuta mguu, Kobe akazunguka kama pia, chali vilevile. Korongo akaanza kutweta. Moyo du du du. Akakimbia huku, akakimbia kule, hajui anatafuta nini.

"Mwalimu," Kobe akasema kutoka chini, kwa sauti ndogo, "vuta pumzi."

Korongo akasimama.

"Fuuu," Kobe akasema.

"Fuuu," Korongo akafuata.

"Hooo."

"Hooo."

Pumzi ilipotulia, akili ikarudi. Korongo akaruka juu, akatazama, akamwona Ngiri anagaagaa kwenye tope. Akamwita. Ngiri akaja mbio, mkia juu, akatia pua chini ya gamba, akasukuma. Kobe akageuka. Wakamnywesha maji, wakamfunika majani mabichi. Korongo akakaa karibu naye akimpepea kwa bawa.

Jua lilipopungua makali, akauliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Kaka, mwili wako unaweza nini?"

Kobe akafikiri. Kobe hafikiri haraka.

"Kuingiza kichwa ndani. Kisha kukitoa."

"Nionyeshe."

Kobe akaingiza kichwa, fuuu. Akakitoa, hooo. Alikwenda polepole hata nzi aliyetaka kumtulia puani akachoka kungoja. Korongo akamfuata. Akakunja shingo, akaikunjua, na mabega yake yaliyokuwa yamepanda siku zote hizo yakashuka.

Kiwanja cha pili hakikufunguliwa. Cha kwanza kilibaki kidogo, na hakikukosa watu. Kila asubuhi Korongo alijinyoosha peke yake kwanza. Kisha aliwapitia wanafunzi: Nyati na kiuno chake, Ngiri na shingo yake. Kwa Kobe alikaa zaidi. Nani hapo alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi, hakuna aliyeuliza.

Basi sikilizeni. Ukipenda kitu mpaka kikawa kazi yako, usiache kukipenda. Na ukimfundisha mwenzako, usimpime kwa mguu wako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia, jirani yake atamsimulia.