Chanjo Ina Mwenyewe

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maana yake ni kwamba mtu waweza kumchukia, ukamdharau, hata ukamwonea, lakini lililo lake huna ruhusa ya kumnyima. Wengi huitaja methali hii kila siku. Siku ya kuitimiza huwa mabubu.

Katika maabara ya mifugo ya serikali palikuwa na mtafiti mmoja mwanamke. Elimu yake iliwazidi wengi mle ndani, lakini ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya wenzake wote, na hiyo ndiyo waliyoiona kwanza. Walimpachika jina la Mkaa. Mwanzoni walimsengenya nalo. Baadaye wakamwita hivyo kweupe, na asipocheka wakasema hajui utani.

Chumba alichopewa kilikuwa nyuma, kando ya mabanda ya kuku, moto kama tanuri. Jokofu lake lilikuwa bovu, na kila alipoomba jingine aliambiwa asubiri. Chanjo zikawa zinaharibika kwa joto. Basi akajifunga kibwebwe kutafuta chanjo isiyohitaji baridi. Alishindwa, akaanza upya, akashindwa tena, mpaka kuku aliowachanja wakabaki wazima huku ugonjwa wa mdondo ukiwafyeka wenzao.

Chumba cha pili alikaa mtafiti mzee aliyeitwa Pilipili kwa ukali wa ulimi wake. Hao wawili walikuwa paka na panya.

Ikaja habari kwamba waziri angekuja kuizindua chanjo. Mkurugenzi akamwita yule mtafiti mwanamke.

"Mama, siku hiyo utabaki huku nyuma. Msaidizi wangu ndiye atakayeeleza."

"Ataeleza nini, bosi? Hajawahi kumchanja hata kuku mmoja!"

"Kutakuwa na kamera. Watu wanataka kuona sura waliyoizoea."

"Sura yangu ina kasoro gani?"

"Usinilishe maneno," mkurugenzi akasema, akageukia dirishani.

Jioni mtafiti alimwambia mama yake kwamba amechoka, ataacha kazi.

"Acha, mwanangu," mama alijibu, macho yamemwiva kwa hasira. "Lakini usiwaachie na jasho lako. Hiyo chanjo hukuiokota jalalani."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Msaidizi alikuwa akibabaika na maelezo ya kukariri, mtafiti alipoingia na koti lake jeupe, akapita katikati ya viti na kusimama mbele.

"Mheshimiwa waziri, chanjo hii ni kazi yangu."

Mkurugenzi akacheka. "Samahani, mheshimiwa. Huyu ni mwosha vyupa wetu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtafiti hakurudi nyuma hata hatua moja.

Ndipo Pilipili alipoinuka.

"Mimi na mwanamke huyu hatuivi chungu kimoja," alisema. "Ni mbishi, na hilo jina la Mkaa nililitunga mimi. Lakini chumba changu kinapakana na chake. Nilimwona akilia juu ya kuku waliokufa, na kesho yake nikamwona kazini. Anayemwita mwosha vyupa ni mwongo, na mimi nikinyamaza ni mwizi mwenzake."

Kicheko kilikatika ghafla. Waziri akamgeukia msaidizi. "Ni kweli?"

Msaidizi aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mheshimiwa. Mimi nilipewa tu cha kusema."

Uchunguzi ulifanywa. Mkurugenzi akavuliwa cheo, na mtafiti akakabidhiwa idara nzima ya chanjo. Siku aliyohamia ofisi mpya, Pilipili alibisha hodi.

"Daktari, nilidhani ungekuja kunishukuru."

"Nikushukuru kwa lipi?" alimjibu bila kupepesa macho. "Hukunipa kitu. Ulisaidia kurudisha kilichoibwa. Na lile jina je?"

Mzee akasema, "Nisamehe."

"Uliponitukana hukunong'ona. Nenda ukalifute kwa sauti ileile, mbele ya walewale waliocheka."

Pilipili alinuna, lakini akaenda. Chumba hadi chumba alisikika akisema, "Yule anaitwa Daktari. Lile jina lilikuwa upumbavu wangu." Hawakugeuka kuwa marafiki, waliendelea kubishana vilevile, ila sasa kila mmoja alimwita mwenzake kwa cheo chake.

Haki haingoji mapenzi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.