Mizani Kumi na Saba

Mtu akiona chombo kinakata maji, hukisifu kwa wepesi wake. Hamfikirii fundi aliyekichonga, wala vidole vilivyopondwa na nyundo. Mtu wa aina hiyo ndiye waliyemsemea wahenga: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kinyozi mmoja aliijua methali hii tangu darasani, tena alipata kuiandikia insha na kupewa alama nzuri. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuisikia ikikuita kwa jina ni jambo jingine.

Kinyozi huyo wateja walimwita Wembe, kwa kazi yake na zaidi kwa ulimi wake. Duka lake lilikuwa na viti viwili. Kimoja kilikuwa chake, na cha pili cha mdogo wake, aliyeitwa Kimya kwa kuwa angeweza kumnyoa mtu kichwa kizima asiseme zaidi ya “inama kidogo”. Ukutani zilitundikwa picha za waigizaji wa filamu za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, ambazo baba yao aliziacha pamoja na duka. Mteja alinyoosha kidole na kusema, “Nitengeneze kama yule,” na kazi ya picha ikaishia hapo.

Asubuhi moja Kimya alibandika kikaratasi chini ya picha ya yule mchekeshaji mwenye suruali pana. Ilikuwa haiku, shairi la mistari mitatu: mizani tano, saba, kisha tano, basi.

*Anaanguka,*
*watu mbavu hawana;*
*goti lauma.*

Mteja wa kwanza aliisoma akacheka, kisha akanyamaza akiangalia magoti yake mwenyewe. Alirudi na rafiki. Mwezi baada ya mwezi picha nyingine zikapata vikaratasi, na benchi likajaa watu wanaosubiri kiti cha Kimya, hali kiti cha Wembe kimekaa kitupu kama kimesusiwa.

Wembe aliona wivu. Tusimpambe: aliona wivu wa kumnyima usingizi. Lakini wateja angewavumilia. Kilichomkata maini ni mkewe.

Mkewe alileta taulo safi kila asubuhi, akaziweka rafuni akaenda zake. Siku moja alisimama mbele ya picha ya mwigizaji wa kike aliyezoea kuagana na watu stesheni. Chini yake paliandikwa:

*Moshi watanda;*
*leso ingali juu;*
*gari halipo.*

Wembe alipogeuka, alimkuta anafuta machozi.

“Unalia nini?”

“Huyu dada. Gari limeshaondoka, na bado anapunga leso.”

“Mke wangu, hiyo ni karatasi tu.”

“Karatasi ndiyo. Lakini leo shemeji ameniweza.”

Ameniweza. Neno hilo lilimkwama Wembe kooni kama mwiba wa samaki. Tangu amuoe alikuwa amemwambia maneno ya kujaza magunia, na hakuna hata moja lililowahi kumweza. Leo mtu asiyesema, tena aliyefundishwa na Wembe mwenyewe kushika mkasi, amemliza kwa mistari mitatu.

“Wewe,” alimwambia mdogo wake mke alipotoka, “kwa maneno saba manane ndiyo unajiona mshairi? Mimi nikipiga chafya natoa mizani kumi na saba.”

“Basi piga, kaka,” alisema Kimya, akiendelea kupangusa kiti.

Nafasi ya kupiga chafya ilikuja upesi. Mwendesha mashine wa ukumbi wa sinema wa jirani, aliyekuwa mteja wa Kimya, alisema kwamba Jumamosi angeonyesha filamu ya yule mwigizaji mwenye koti jeupe. Alitaka haiku ya mwigizaji huyo isomwe kabla ya filamu kuanza.

“Nitasoma mimi,” alidakia Wembe. “Mkubwa ndiye hutangulia.”

Akaketi mbele ya picha yake pale dukani, kalamu mkononi, akamaliza kabla povu la sabuni halijakauka kwenye kidevu cha mteja. Alijisomea kwa sauti, akaridhika.

“Kaka,” aliuliza Kimya, “filamu zake umeziona?”

“Picha si naiona kila siku? Koti jeupe, mkono begani kwa mgonjwa. Nione nini tena?”

“Kaione kwanza, kaka. Ninakuomba.”

“Ili nichelewe, usome wewe? Nimekuelewa.”

Kimya aliendelea kunyoa.

Jumamosi Wembe alivaa shati lake la arusi na kumkalisha mkewe kiti cha mbele kabisa, amwone vizuri. Ukumbi ulijaa wazee na wanawake wa makamo, watu waliozijua filamu hizo kama njia za kwenda nyumbani. Wembe alisafisha koo akasoma:

“Tabibu mwema,
mikono ya huruma,
aponya wote.”

Watu walitazamana kwanza. Kisha mzee mmoja wa nyuma akaguna, mwingine akapiga paja, na ukumbi mzima ukalipuka. Kumbe yule mwenye koti jeupe alikuwa gwiji wa kuigiza wauaji. Katika filamu zake zote, hakuna mgonjwa aliyepita mikononi mwake akatoka mzima. Alikuwa akiwapa sumu.

Kimya aliitwa asome yake. Akakunja karatasi. “Leo ya kaka inatosha,” alisema, na alisema kwa upole, jambo ambalo lilimuumiza Wembe kuliko vicheko vyote. Taa zikazimwa. Kila alipotokea mwenye koti jeupe na kikombe chake, mtu aliita gizani, “Tabibu mwema huyo!” na ukumbi ukaanza upya. Mkewe Wembe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja. Wembe alikuwa amemtoa machozi, kama alivyotaka.

Jumatatu wivu ulikuwa umegeuka hasira. Kimya alijua, Wembe aliwaza. Alijua akaniacha niingie shimoni. Kwamba alikuwa ameonywa, tena kwa kuombwa, hilo hakulikumbuka. Mwenye wivu husikia anachotaka. Mchana, Kimya alipotoka kama alivyozoea, Wembe alimfuata mpaka ukumbini, maneno makali yakiwa tayari mdomoni.

Mlangoni alikutana na mwendesha mashine.

“Afadhali umekuja,” alisema yule bwana. “Mchukue ndugu yako. Kila mchana ananiomba nirudishe kipande kile kile, malipo yake kuninyoa bure. Sasa nywele zenyewe zimebaki wapi? Ile ya leso peke yake ilikula mwezi mzima.”

“Mwezi? Mistari mitatu?”

“Mitatu uliyoiona wewe. Mimi nimeisikia yote aliyoitupa.”

Ndani, katikati ya viti vitupu, Kimya alikaa akitazama filamu bila sauti. Midomo yake ilichezacheza na vidole vikihesabu mizani juu ya goti. Alitikisa kichwa, akainua mkono, kipande kikarudishwa. Akahesabu tena, akatikisa kichwa tena. Miguuni pake karatasi zilizokunjwa zilitapakaa kama nywele sakafuni siku ya mkesha wa sikukuu.

Maneno makali yalimwishia Wembe. Akaketi.

“Natafuta kwa nini watu wanampenda muuaji huyu,” alisema Kimya bila kugeuka. “Bado sijapata, hata ile niliyoikunja Jumamosi haikulisema.”

Walitazama pamoja. Mwenye koti jeupe aliingia, akamimina, akatabasamu. Walitazama tena mchana uliofuata, na mwingine, mpaka macho ya Wembe yakawasha na tabasamu la mwenye koti likamchosha. Ndipo alipoona.

“Anakifuta,” alisema.

“Nini?”

“Kikombe. Kabla hajatia sumu, anafuta vumbi.”

Kimya alimgeukia kaka yake. “Mimi sikuliona hilo,” alisema.

Walihangaika nalo siku zote zilizobaki, wakibishana neno kwa neno. Jumamosi iliyofuata, filamu ile iliporudiwa, Wembe alisimama pale pale alipochekwa.

“Kikombe safi:
ameondoa vumbi
atie sumu.”

Hakuna aliyecheka. Mkewe, kiti cha mbele, aliacha mdomo wazi, kisha akamgeukia Kimya. “Shemeji, hii ni ya nani?”

“Ya kaka,” alisema Kimya.

Wembe alijua kwamba mstari wa kati ulikuwa wa mdogo wake, na wivu ukamchoma kidogo, kwa maana wivu hauhami kwa siku moja. Alikuwa ameketi kando ya mkewe, bado anapambana nao, alipomsikia fundi cherehani mmoja, nyuma yake, akimnong’oneza jirani: “Ndiyo hiyo tu inayowaduwaza? Mistari mitatu? Hata mimi naweza, tena nimelala.”

Wembe aligeuka. Ulimi wake ulikuwa na jibu la kumchana yule bwana vipande viwili. Lakini alimwangalia, akajiona, akasogea kumpa nafasi kando yake.

“Njoo mchana, ndugu yangu,” alimwambia. “Njoo ukae nasi, uone vinavyoundwa hivi unavyoviona vyaelea.”