Lango la Mnyapara na Ombi Moja

Hapo zamani, na msinune, zamani yenyewe ni ya Jumamosi ya wiki iliyopita, si ya jana, palikuwa na gemu. Najua mnataka zamani yenye majitu na wafalme. Mimi Mama Shija sina majitu. Nina banda la gemu hapa Ng'ambo, Tabora, na nawasimulia nilichokiona kwa macho yangu mawili. Umeme umekatika, hamna pa kwenda, na mwishoni nitawauliza swali. Kwa hiyo atakayesinzia asije akasema hakusikia.

Gemu hilo linaitwa Wapagazi. Alilitengeneza Nyamizi Kasanda, binti wa hapa hapa, aliyekuwa akishinda kwenye banda langu na sare zake za shule. Humo ndani unakuwa mpagazi wa enzi za misafara. Unachagua uwe mbeba pembe, au mganga, au mpiga ngoma. Unatwikwa mzigo, unashika njia ya pwani, na kila unachotenda kinakufuata. Ukimnyima mtu maji katika sehemu ya kwanza, katika sehemu ya pili utamkuta, na atakukumbuka.

Ikatoka sehemu ya kwanza, ikatoka ya pili, ikatoka ya tatu. Basi kila shabiki akawa na lake kuhusu ya nne. Huyu anataka farasi, yule anataka mapanga zaidi, mwingine anataka aoe humo ndani, wakati huku nje wamemkataa wanne. Nyamizi akachoka na ujumbe wao. Akatangaza hivi: "Mwisho wa sehemu ya tatu kuna lango. Atakayelifungua ataniomba jambo moja, nami nitalitia katika sehemu ya nne. Moja tu. Kazini tuko wawili, mimi na mchoraji wangu, na kila sehemu tunaipa mwaka mmoja tu."

Sasa sikilizeni alipokosea. Katika banda langu hakuna anayecheza peke yake. Gemu linakupa roho tatu. Ukifa, unampa pedi ya kuchezea aliyekaa kulia kwako, awe rafiki yako au mtu mliyenuniana naye tangu Idi, naye anaendelea pale ulipofia. Ndiyo desturi, na Nyamizi mwenyewe kalelewa nayo. Lakini ukikaa miaka mitatu chumbani na kompyuta, desturi za watu zinakutoka. Akaahidi kana kwamba lango linafunguliwa na mtu mmoja.

Mwaka mzima ulipita halijafunguliwa. Vijana walikuja na mbwembwe, wakaondoka vichwa chini. Wakabaki watatu wasiokata tamaa.

Wa kwanza ni Maganga, fundi baiskeli, mnamjua, yule mwenye kidole gumba kama nyundo. Wa pili ni Hamduni. Alikuwa dereva wa lori, presha ya macho ikamchukua macho yote mawili, na bado kila Jumamosi anakuja, anakaa kwenye benchi, anasikiliza wenzake wakicheza. Wa tatu ni Kalunde, muuza asali. Marehemu mama yake, Bi Wande, ndiye aliyetoa sauti ya Bibi wa Jikoni, yule kikongwe wa kwenye gemu anayewapikia wapagazi na kuwapa maneno. Bi Wande alifariki kabla sehemu ya tatu haijaisha, kwa hiyo Nyamizi akamfanya Bibi wa Jikoni naye afe njiani.

Jumamosi ile, baada ya adhuhuri, walikaa hivi: Maganga, kulia kwake Hamduni, kulia kwa Hamduni Kalunde. Roho tatu, watu watatu.

Maganga akaanza. Mbele yake Tope la Siku Tisa, ambalo kila hatua ukikosea linakumeza. Alikuwa nalo kwenye daftari, lote, hatua kwa hatua, alilolichora kwa mwaka mzima kila alipokufa. Dakika hamsini hakusema, hakujikuna. Kidole kikatoka lengelenge, lengelenge likapasuka, akaendelea. Akavuka. Katika banda letu hakuna mtu aliyewahi kuvuka. Banda zima lilisimama.

Baada ya tope kuna pango. Humo runinga inakuwa nyeusi tii, huoni mkono wala mguu. Maganga akapiga hatua nne, akatumbukia shimoni, akafa. Roho ya kwanza hiyo.

Akageuka kulia, akamwekea Hamduni pedi mkononi.

Kuna mtu akasema, "Asiyeona atacheza nini? Mrukeni." Mnataka kumjua mtu huyo? Ni mimi. Nilisema kwa mdomo huu huu, na naujutia. Hamduni akaniambia taratibu, "Mama Shija, humo pangoni ninyi nanyi hamwoni. Mimi nimezoea."

Akainamisha kichwa. Akapiga hatua moja, akasikiliza. "Hapa chini kuna mbao. Mbao ina shimo chini yake." Akapita pembeni. "Maji yanadondoka kushoto, kwa hiyo ukuta uko kushoto." Akaushika ukuta. "Popo wametulia. Wakitulia, njia iko wazi." Akaenda, akaenda, akaenda, na sisi wenye macho yetu tumekodolea giza kama wajinga. Mara mwanga. Ametoka pangoni.

Mbele kuna lango, na mbele ya lango kakaa Mnyapara kwenye kigoda. Anasema neno moja: "Tua." Hamduni hamwoni, anasikia sauti ya ukali, akapigana. Akafa. Roho ya pili. Pedi ikaenda kwa Kalunde.

Wachezaji wote waliowahi kufika kwa Mnyapara, wale wa mijini waliotumia ujanja wa kuruka tope na pango, walifanya mambo mawili. Ama walipigana wakafa, ama walitua mzigo wakafa. Tulikuwa na roho moja. Mnyapara akasema, "Tua." Kalunde akaiweka pedi mapajani, akaondoa mikono.

"Bonyeza, dada, bonyeza," Maganga akamwambia.

"Sibonyezi."

"Atakuua."

"Mama alisema, kwenye nyumba yenye adabu mgeni hatui mzigo, hupokewa. Alisema humo kwenye sehemu ya kwanza, pale kando ya moto wa jikoni. Ninyi mliruka maneno yake ili mfike kwenye vita."

Na kweli tuliyaruka, sote. Nani anamsikiliza kikongwe anayesonga ugali wakati mbele kuna simba? Kalunde ndiye aliyekuwa akiyasikiliza, tena na tena, kwa sababu ni sauti ya mama yake na hana nyingine. Basi tukangoja. Mnyapara akasema "Tua" mara ya pili, kwa ukali. Akasema mara ya tatu. Kisha akanyanyuka kwenye kigoda, akaja, akainua mikono yake miwili, akaupokea mzigo. Lango likafunguka.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kafa nani.

Jumatano Nyamizi akaja mwenyewe. Akawapa mikono, akafurahi, akauliza, "Sasa, aliyefungua ni nani?" Wakajibu wote watatu kwa pamoja, "Mimi." Hapo uso wa Nyamizi ukabadilika, desturi ya banda ikamrudia kichwani. Akavuta kigoda, akasema, "Basi kila mtu aseme lake."

Maganga akasimama. "Dada Nyamizi, babu mzaa babu yangu alitwikwa pembe hapa hapa Tabora, akaenda pwani, hakurudi. Kwetu kila kizazi mtoto mmoja anapewa jina lake, ndiyo maana mimi ni Maganga. Gemu zako tatu zote zinakwenda pwani, zote zinaishia pwani. Naomba njia ya kurudi. Mpagazi afike kwao, apige hodi, afunguliwe. Lengelenge hili hapa. Bila mimi, lango lingekuwa limefungwa mpaka leo."

Hamduni hakusimama. "Mimi naomba gemu la masikio. Lote, tangu mwanzo hadi mwisho, kila hatua iwe na sauti yake kama mle pangoni. Miaka miwili nimekaa kwenye benchi hili nikiwasikiliza mnavyofurahi. Mle pangoni nilicheza robo saa. Robo saa hiyo nilikuwa mtu kama ninyi. Nyamizi mwanangu, nimeonja, siwezi kurudi kusikiliza tu. Bila mimi, lango lingekuwa limefungwa mpaka leo."

Kalunde akasema, "Mama alirekodi maneno ambayo hukuyatumia. Uliniambia mwenyewe siku ya arobaini yake, sentensi kumi na moja. Naomba Bibi wa Jikoni awe hai katika sehemu ya nne, na maneno hayo ayaseme. Mwanangu amezaliwa mama ameshazikwa. Namtaka akae kando ya moto wa bibi yake, naye amwambie, 'Karibu ule.' Na bila mimi, lango lingekuwa limefungwa mpaka leo."

Maganga akacheka kidogo. "Dada, wewe hukubonyeza hata kitufe."

"Ndiyo," Kalunde akasema. "Wewe ungebonyeza, na tungekufa."

Nikamwambia Nyamizi, mbona rahisi, fanya yote matatu. Akatikisa kichwa. "Mama Shija, nikimfufua Bibi, hadithi inabidi irudi nyuma kabla hajafa, na njia ya kurudi nyumbani haipo. Nikitengeneza njia ya kurudi, watapita kaburini kwake, na aliyezikwa hasemi. Na gemu la masikio ni kazi ya mwaka mzima peke yake, sauti moja moja, kila jani, kila jiwe. Nikishika yote, nitawapa kitu kibovu, na sitaki kuwapa kitu kibovu. Niliahidi ombi moja. Litakuwa moja."

Akafikiri, kisha akawauliza swali la werevu. Akasema, "Ombi lako likikataliwa, ungependa nimpe nani?"

Maganga akajibu upesi, "Mpe Hamduni. Mimi nina macho, nitacheza chochote."

Hamduni akasema, "Mpe Kalunde. Mimi najua kukosa kitu, nami sitaki mtoto akose."

Tukamgeukia Kalunde. Akakunja mikono kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Mimi simpi mtu," akasema. "Mtanisema, semeni. Wenzangu wana roho nzuri na nawapenda, lakini huyo ni mama yangu. Siwezi kumtoa kwa mdomo wangu mwenyewe."

Kuna waliosema kwa kujificha kwamba amejiharibia, mwenye uchoyo hapewi. Kuna waliosema huyo ndiye aliyesema kweli, hao wawili waligawa kwa kuona haya tu. Na mzee mmoja pale nyuma akasema Maganga ndiye aliyeonyesha utu kuliko wote, kwa kuwa aliacha chake bila kusita. Jirani yake akamjibu kwamba anayeacha bila kusita huenda hakukihitaji sana. Wakataka kushikana mashati.

Nyamizi akanitazama mimi. "Mama Shija, banda ni lako na desturi ni yako. Jumatatu naanza kazi. Nipigie simu, unitajie jina moja, nami nitalifuata, na sitadai kwa mtu kwamba nilichagua mwenyewe." Akaondoka, akaniachia mzigo huu, mimi ambaye sijabeba hata ndoo ya mtu tangu mgongo uanze kuniuma.

Siku nne sasa sijalala vizuri. Maganga kapita asubuhi kunisalimia, hakuniuliza kitu. Hamduni kaniletea salamu kupitia kwa mkewe. Kalunde hajaja kabisa. Nikimtaja mmoja, wawili nitakutana nao kila siku hapa mlangoni, na nitawapokea kwa uso gani sijui.

Kesho ndiyo Jumatatu. Msitazame chini, ninyi mnaojua kila kitu kuhusu gemu. Kuna aliyebeba, kuna aliyesikia, na kuna aliyengoja. Lango lilikuwa moja na ombi ni moja. Je, nimtajie nani?