Nyoka Alivyokuja Kuota Moto kwa Nyamizi

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya bakuli la mlenda, wa kulia juu ya kifuniko cha hotipoti, na mkono mmoja umeshikilia taulo ili lisinivuke kabisa. Hivyo ndivyo Lubango alivyonikuta nimesimama juu ya meza ya chakula, uani kwa dada yangu Kabula, mchana kweupe. Chumbani nilikotoka mbio, mkanda wangu wa suruali ulikuwa ungali unaning'inia msumarini. Nilichokamata kwenye mgongo wa kiti, nikidhani ndio mkanda, kilikuwa kitu kingine, cha baridi, nacho kilijivuta taratibu kama mtu anayekuachia mkono baada ya salamu.

"Asubuhi si ulisema utamtoa kwa mkono mmoja, shemeji?" Lubango akaniuliza.

Kweli nilisema. Nilisema pia kwamba enzi za lori langu, kule Kongo, nimewahi kulala na nyoka chini ya turubai moja. Kongo nililala ndani ya lori, vioo nimepandisha mpaka juu, natokwa jasho hadi asubuhi.

Tulikuwa tumetumwa. Kabula ni dada yangu mkubwa, na marehemu mumewe, Shija, alikuwa mdogo wake Lubango. Tangu matanga ya Shija yaishe, Kabula anaishi peke yake kwenye kaya hii iliyo chini ya majabali. Kipupwe kilipoingia, chatu mdogo alitoka kwenye ghala la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaja kujikunja kando ya mafiga, na Kabula hakumfukuza. Alimpa na jina: Mgeni. Habari ikawafikia ndugu, ndugu wakakaa kikao, kikao kikasema mjane hafugi nyoka. Nyoka atoke, na Kabula afunge nyumba ahamie kwa Lubango. Lubango akaja na gunia. Mkewe, Minza, akaja kusaidia kufunga vyombo. Mimi nikachaguliwa kuwa msemaji, kwa kuwa nina maneno matamu. Na msemaji sasa alikuwa anafuta mlenda vidoleni.

Nilipokwisha kuvaa, baada ya kuukagua mkanda kwanza kwa fimbo, tulikaa uani. Kabula alikuwa kwenye kigoda, Mgeni amemzunguka mabega, kichwa amekificha chini ya khanga. Lubango alilikunja gunia akaliweka gotini. Minza alivuta kiti chake nyuma, akavuta tena.

"Hivi mtu anapata raha gani kufuga kitu kama hicho?" Minza akauliza. "Mbuzi angalau anakuita."

Swali hilo nimelibeba nchi nyingi. Lubumbashi nilimkuta fundi cherehani aliyefuga kobe chini ya cherehani yake. Ndola nilimkuta mlinzi wa ghala aliyemfunga kenge kamba kiunoni, wakizunguka wote doria. Niliwauliza raha iko wapi, na wote walinijibu kwa namna moja: walimchukua mnyama wao wakamweka mikononi mwangu. Nami nilimwangusha kobe, nikamwangusha na kenge. Jibu la kueleweka alinipa bibi yangu, mzaa mama, ambaye hakuwahi kuvuka hata wilaya. Nikawasimulia kama alivyonisimulia.

Hapo kale, bibi alisema, nyoka hakuwa baridi. Wala mjusi, wala kobe, wala kenge. Kila mmoja wao alikuwa na moto wake tumboni, kaa moja jekundu lisilozimika, na ukipishana na nyoka asubuhi ya kipupwe ulihisi umepita kando ya jiko. Hawakuota jua. Jua walilipita tu, kama tunavyompita mtu tusiye na shida naye.

Watu nao waliishi chini ya majabali haya haya. Aliyezimikiwa na moto alichukua kigae cha chungu akaenda kwa jirani kuomba kaa. Na safari hiyo haikuwa ya moto peke yake. Ukifika unaulizwa umeamkaje, kikohozi cha mtoto kimepoa, yule ng'ombe mwenye mimba yukoje. Mnazungumza mpaka kaa linafifia kigaeni, mwenyeji anacheka, anakupa jingine. Nyumba isiyoendewa kuombwa moto ilikuwa nyumba isiyoulizwa chochote.

Alikuwapo mfinyanzi mmoja jina lake Nyamizi, na mumewe alikufa. Desturi ilikuwa kwamba msiba ukimalizika, moto wa nyumba ile unazimwa, majivu yanamwagwa njia panda, na mjane anapekecha moto mpya mbele ya wazee. Nyamizi alikubali kunyolewa, akakubali kuogeshwa, akagawa nguo za marehemu bila kusema neno. Ila moto ulimshinda. Ulikuwa moto aliouwasha mumewe mwenyewe siku alipomleta pale akiwa bibi harusi. Basi akaficha kaa moja chini ya chungu kilichofunikwa kifudifudi, akawaambia wazee kwamba mikono yake haina nguvu leo, atapekecha kesho. Walipoondoka akalifunua.

Kesho yake hakuna aliyesikia mlio wa kupekecha, lakini moshi ulionekana. Watu wakaelewa. Hawakumgombeza, hawakumtenga kwa baraza. Waliacha tu kwenda kuomba moto kwake, kwa kuwa moto wa msiba hauingizwi kwenye nyumba ya mtu. Na kwa kuwa wake haukuzimika, naye hakupata sababu ya kwenda kwa mtu.

Alifinyanga vyungu, akavipanga ukutani, akafinyanga vingine. Alilala upande wake wa ngozi, upande wa pili akauacha. Asubuhi aliupapasa kwa kiganja kabla hajafumbua macho, akakuta umepoa.

(Hapo bibi alikuwa akinyamaza kidogo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatafuta ugoro. Siku hizi, kwenye chumba changu cha kupanga kule Kahama, ambako naacha redio ikisema mpaka nipitiwe na usingizi, nahisi haikuwa ugoro.)

Kisha ikanyesha mvua isiyo na adabu. Ilinyesha mpaka kuni zikaota uyoga na vijiti vya kupekechea vikawa laini kama viazi vya kuchemsha. Mafiga yote yakazimika. Kaa pekee lililobaki lilikuwa chini ya chungu cha Nyamizi, na hilo hakuna aliyelitaka. Watu wakapanda majabalini kwa nyoka na jamaa zake, wakaomba. Nyoka alikuwa mpole enzi hizo. Akafungua kinywa akatema kaa lake kigaeni. Mjusi akatoa, kenge akatoa, kobe akatoa wa mwisho, maana hata kwenye kutoa alichelewa. "Mvua ikikatika tutawarudishia," watu wakasema, na bibi alisisitiza kwamba siku ile hawakuwa wanadanganya.

Mvua ikakatika. Wanyama wakashuka, wanatetemeka, kudai makaa yao. Mlangoni kwa huyu wakaambiwa watoto bado hawajaota vizuri. Kwa yule wakaambiwa kesho. Kwa mwingine ikatoka fimbo. Kobe akaudhika, akajijengea nyumba akaibeba mgongoni, asije akasimama tena mlangoni kwa mtu. Kenge akaenda zake mtoni. Mjusi akajipenyeza ukutani, na mpaka leo yuko pale nyuma ya taa, anasubiri. Nyoka, asiye na mkono wa kupiga hodi, aliendelea nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho, na ya mwisho ilikuwa ya Nyamizi.

Nyamizi alisikia kitu kimeingia. Kabla hajageuka kuona ni nani, alikwisha kutandika ngozi ya kukalia.

"Mimi sikuchukua kaa lako," akamwambia nyoka, baada ya kusikia shida yake.

"Najua," nyoka akasema. "Waliochukua wamefunga milango."

Nyamizi akamega kaa la mafigani, lile la mumewe, akamlisha. Lakini moto uliokwisha kuzoea mafiga haurudi kukaa tumboni. Kaa likazimika kinywani mwa nyoka, likampasua ulimi vipande viwili, na sauti yake ikaishia hapo. Yale uliyoyasikia ndiyo maneno ya mwisho nyoka aliyomwambia mtu.

Nyamizi akabaki na kigae kitupu. Hakuwa na kingine cha kumpa ila joto la mwili wake, joto ambalo tangu mumewe afe hakuna aliyelihitaji. Akamwinua akamweka mabegani. Nyoka akalichukua joto lile kidogo kidogo, bila pupa, na kadiri alivyopata ndivyo alivyozidi kuwa mzito, kama mkono wa mtu aliyesinzia huku amekukumbatia. Nyamizi akakaa vile vile, hakujitikisa, mpaka shingo ikamuuma.

Nilimuuliza bibi kama nyoka alimpenda. Akasema nyoka hajasema mpaka leo. Jua likiwaka alitoka akapanda jabalini, Nyamizi akabaki anatazama mlango. Wingu likija alirudi. Siku nyingine wingu lilikuja na yeye hakurudi.

Habari zikaenea, na wale waliokuwa wakipita mbali wakaanza kufika mpaka kwenye ua wake kumwambia amtupe mdudu yule. Nyamizi akawa anafagia uwanja kila asubuhi na kuwatolea vigoda. Hawakukaa. Walisema yao wamesimama, wakaondoka.

Na tangu siku hiyo nyoka na jamaa zake hawana moto wao. Huuomba kwa jua, kwa jiwe, na kwa mtu. Na tangu siku hiyo watu tumegawanyika. Wapo wa koo zilizochukua makaa zisirudishe. Hao wakimwona nyoka hupanda juu ya meza, kwa kuwa damu yao inajua amefuata nini. Na wapo waliobaki na joto lisilo na wa kupewa. Hao humwona anatetemeka, wakanyoosha mkono, na akishajizungusha pale wakapata raha ambayo hawawezi kuieleza, ila kwa kukuwekea mnyama wao mikononi. Ndiyo hiyo, shemeji Minza.

Minza alikuwa ameacha kuvuta kiti nyuma. "Kumbe ukoo wenu ulichukua makaa mengi," akasema.

"Tulichukua na kigae," nikamjibu.

Akacheka. Kabula hakucheka. Alikuwa anamtazama Mgeni, ambaye alikwisha kutoa kichwa kwenye khanga na kukilaza juu ya mfupa wa bega lake. Lubango akakohoa, akalikunjua gunia.

"Hadithi tumeisikia," akasema. "Lakini kikao kinasubiri jibu. Nyoka atoke, na wewe shemeji uje kwetu kwenye watu. Tukawaambie nini?"

Kabula aliutazama uwanja, alioufagia mapema kabla hatujafika, akatutazama na sisi mmoja mmoja.

"Tangu matanga yaishe hakuna aliyekanyaga hapa," akasema. "Leo mmekuja watatu, kwa sababu ya nyoka. Basi anabaki. Huenda mkaja tena."