Mgono wa Nyamizi na Harufu ya Mapera

Paukwa!

"Pakawa... Mjomba wee, umekalia papai!"

Lo! Nimevuka mito ya nchi saba bila kulowa, leo nimeloweshwa na papai la mwenye nyumba. Msicheke! Haya, chekeni, ila mkimaliza mnisikilize.

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa wakisema waziwazi, palikuwa na mama mmoja, Nyamizi. Alitega mgono wake, ule mtego wa kusukwa kwa vijiti, kwenye kina kizuri cha mto. Desturi ya pale ilikuwa kali: mgono ukitoka mtupu siku tatu mfululizo, mahali pako anapewa mwingine. Na shemeji yake, Luhende, alikuwa akipamezea mate.

"Shemeji, nianze kukufungia mizigo?"

Nyamizi akawaza: samaki hupikwa kwa ndimu, basi lazima wanaipenda! Akaupaka mgono maji ya ndimu, akautumbukiza, akasubiri, akauinua. Mtupu!

Perege alikuwa ametimua mbio, matamvua yanamwasha. "Jamani, tunaungwa tungali hai!"

Siku ya pili akaupaka ukwaju, akautumbukiza, akasubiri, akauinua. Mtupu!

Kambale akafoka, masharubu yamemsimama. "Jana ndimu, leo ukwaju. Kesho ataleta sinia la wali!"

Nyamizi akabakiwa na siku moja tu. Kina kile ndicho kilichowalisha wanawe wanne. Akaketi ukingoni, akala pera bivu kwa huzuni, akanawa mikono mtoni. Ala! Perege wakamjia, wakamdonoa vidole, wakamtekenya mpaka akapiga ukelele. Wawili, watano, kumi!

"Mmefuata nini nyie?"

"Harufu, mama! Harufu!"

Alfajiri akaponda mapera kapu zima, akayakamua, akaupaka mgono ndani na nje, akautumbukiza. Kando yake Luhende naye alikuwa keshatega wa kwake, kwa pupa ya kurithi.

Kusubiri? Thubutu! Perege wakanusa, ningu wakanusa, kambale wakanusa. Wakasukumana mlangoni kama watu wa harusini. Mgono ukawa mzito, Nyamizi na wanawe wakavuta, "Haya! Haya! Haya!", mpaka wote wakabwagika matopeni wakicheka.

Mgono wa Luhende ukatoka na jani moja. Akakimbilia kwa jumbe. "Uchawi huu! Shemeji amewaloga samaki!"

Jumbe akaja, akauinamia mgono wa Nyamizi. "Kambale, sema kweli. Mmelogwa?"

Kambale akachomoza kichwa. "Tungelogwa tukapotewa na akili, si tungeingia hata kwa Luhende?"

Hadithi yangu imekomea hapo, kinywani mwa kambale.